Ukaguzi wa Ndege Chini ya Tenti ya Harusi

Leo nimejivua nguo mbele ya wakwe. (Suruali ninayo. Ni heshima ndiyo imebaki nyuma ya nyumba yangu hapa Munkunyu, imelala kwenye nyasi.)

Kwa wasionijua, mimi ni Bwambale, yule mjinga aliyejiundia ndege ya watu wawili nyuma ya nyumba. Inaruka! Nimeshairusha hadi Kasese mjini na kurudi, walioniombea mabaya poleni sana. Lakini kila mwaka lazima mkaguzi aje aifungue, aichungulie kila kona, ndipo nipate kibali cha kuruka tena. Na mwaka huu mdomo wangu ulitangulia. Baba mkwe wangu, mfanyabiashara wa Bwera, anaiita ndege yangu kabati. Nikamwapia mbele ya ukoo mzima: "Tata, ikipita ukaguzi usiniite tena mwendawazimu. Isipopita, utaamua wewe la kuifanya."

Ukaguzi ni kazi ya mkaguzi, mwenye ndege na bisibisi. Basi. Lakini sisi watu wa huku hata mtu aking'oa jino tunataka tenti. Nikakodi tenti ya harusi, viti vya plastiki, spika na mshereheshaji. Mke wangu Biira akaniuliza, "Bwambale, unaoa nani?" Nikamjibu kwamba hajui mambo ya anga. (Mjuzi wa anga ni mimi. Endeleeni kusoma.)

Mkaguzi akafika asubuhi na boksi lake la vifaa. Akaitazama tenti. Akamtazama baba mkwe, amekaa mbele kabisa na kofia yake ya pama. Akaninong'oneza, "Pole. Nani amefariki?"

Kazi ikaanza. Akafungua kifuniko cha ingini, akachomoa plagi, akavuta waya za usukani moja moja. Kila akisema "sawa", mshereheshaji anapaza sauti: "Plagi imepita! Makofi!" Watu wazima wakaipigia plagi makofi. Na mimi, bila haya, nikawapungia mkono kama mgombea ubunge.

"Imebaki kujaribu ingini kwa nguvu zote," mkaguzi akasema. "Funga mkia kwenye kitu imara."

Kitu imara ninacho. Nilichimbia nguzo ya zege kwa kazi hiyo hiyo. Ila leo nguzo ilikuwa chini ya tenti, na kiti cha baba mkwe kimeiegemea. Sasa niambieni, nani kwetu anamwambia baba mkwe "hebu inuka, nifunge kamba"? Nikafanya adabu. Nikaifunga kamba kwenye mlingoti wa tenti, pembeni yake. Mkaguzi yuko mbele, ameinamia ingini, haoni kitu.

"Umefunga vizuri?"

"Mia kwa mia!"

Mkaguzi akasogea pembeni, nikapanda. Nikaweka moto wote.

Nyuma ya ndege ndiko upepo wa panga, ile feni ya mbele, unakokwenda. Jambo hili nalijua. Nimelisomea! Kofia ya pama ikaondoka ya kwanza. Vikafuata viti vitupu, halafu sahani za pilau. Mshereheshaji, mpumbavu mwenzangu, akapiga kelele: "Huo ni upepo wa baraka!" Matofali niliyoweka mbele ya magurudumu yakapasuka, ndege ikachomoka mbele, na mlingoti ukatufuata. Tenti nayo haikukubali kuachwa.

Nikazima. Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na turubai kubwa jeupe, na chini yake ukoo mzima unatapatapa kama kuku kwenye gunia.

Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Mkaguzi akazunguka, akainama, akashika gurudumu la mkia. Likabaki mkononi mwake. Akasema, "Ingini imepita. Ndege haikupita."

Mshereheshaji hakuomba makofi.

Baba mkwe akatoka chini ya turubai kwa magoti, wali kwenye nyusi. Moyo wangu uliniuma kweli, maana nilijua nimeipoteza ndege. Miaka yote ile ya kupiga rangi na kuomba vipuri, nimeipoteza kwa sababu ya kiti! Nikasema, "Tata, nisamehe." Akanipita kama hanioni, akaenda mpaka kwenye ingini, akaipapasa.

"Hii ingini iko na nguvu namna hii?"

"Ndiyo, Tata."

"Na ulisema mimi ndiye nitaamua?"

"Ndiyo, Tata."

"Muzuri. Kule Bwera mashine yangu ya kusaga mihogo ilikufa ingini. Kesho naleta fuso, naibeba." Akajipangusa wali. "Mabawa utabaki nayo."

Aliyeanza kucheka ni Biira.

Kwa hiyo mkija Bwera kusaga mihogo, mkamkuta mwendesha mashine ana miwani ya rubani na unga hadi masikioni, tueni gunia, lipeni, ondokeni. Msicheke.