Miche Kumi na Miwili na Zofia wa Baridi

Ijumaa, 10 Mei
Bibi Bronia kaenda Radom kwa dada yake. Kaniachia ufunguo wa bustani na miche kumi na miwili ya nyanya, tuliyoilea dirishani tangu Februari. Mbegu za marehemu mama yake. Hatuna nyingine! Amri moja tu: nisipande hata mmoja kabla siku ya mtakatifu Zofia, Zofia wa Baridi, haijapita, tarehe 15. Baridi ya Mei, kasema, haina adabu. Bustani zote za mtaa zinangoja. Hata Otylia, jirani yetu wa uani. Picha yake iko kwenye lango la bustani mwaka wa pili sasa: mwenye nyanya ya kwanza kuiva. Meno yote nje.

Leo nyuzi joto 24. Nimewaza.

Jumamosi, 11 Mei
Nimepanda yote. Otylia kachungulia, akauliza kama kalenda ya kwetu imeliwa na panya. Nikamjibu kwa heshima kwamba sayansi haina watakatifu. Akasema basi sayansi iishonee miche makoti.

Wivu tu.

Jumapili, 12 Mei
Redio imetangaza jalidi, baridi ya kugandisha, kesho alfajiri. Nimevika kila mche kofia ya sufu. Za Bibi, za marehemu babu, zangu za shule. Kumi na mbili kamili! Zimependeza kama darasa la kwanza. Otylia kaita ukoo mzima. Mjomba wake akauliza mwalimu wa zamu ni nani.

Jumatatu, 13 Mei
Kofia ngumu kama sahani. Chini yake miche myeusi, imelala kama mchicha uliochemshwa. Nimelia kidogo.

Kisha nikakumbuka: jani la kiazi na la nyanya ni kama ndugu! Kibandani viazi vya mbegu vimechipua. Nimefukia kumi na viwili kwenye vikopo, nikavipanga dirishani. Huwezi kuvitofautisha na nyanya.

Jumanne, 14 Mei
Bibi karudi. Akatia kidole koponi, akatoa kiazi. Akaniuliza, mjukuu wangu, nyanya hii tuimenye au tuichemshe na maganda? Hakufoka. Afadhali angefoka.

Akafunua kikapu. Miche sita! Kumbe alipeleka mbegu kwa dada yake, kwa siri. Ananijua, kasema, tangu nikivaa nepi. Hii ndiyo ya mwisho duniani. Tutaipanda keshokutwa, pamoja. Nimeahidi kwa moyo wangu wote.

Lakini jua la leo! Na Otylia bado hajapanda. Na kesho asubuhi Bibi yuko kwa daktari wa meno.

Nimeona kosa langu lilipokuwa. Miche sita, kofia kumi na mbili. Mbili mbili!