Pedali Zenye Tabia Mbaya

Injinia hakuwa injinia. Cheo hicho alijipa mwenyewe siku aliyofaulu kufufua jokofu la mama mwenye nyumba wake, na hakuona sababu ya kukirudisha. Sasa alikuwa juu ya ngazi katika ukumbi wa mazoezi, akifunga feni ya dari, aliposikia mtu mzima akigombana na skrini.

"Wati mia moja na sabini? Mimi?"

Mgomvi alikuwa daktari wa meno. Alikuwa amekalia baiskeli isiyokwenda popote, jasho likimtiririka, na kwenye skrini mbele yake kijibaiskeli cha katuni kilikuwa kikipanda mlima kwa majonzi. Mashine zile hupima nguvu ya miguu kwa wati. Wati zikiwa nyingi, katuni inapaa. Zikiwa chache, unapitwa na yeyote mwenye mashine na intaneti. Daktari alikuwa ndiyo kwanza amepitwa na bibi wa miaka sabini na mbili.

Injinia akashuka. Feni ingesubiri.

"Samahani kuingilia, Daktari. Hiyo mashine inakuibia."

"Inaniibia?"

"Mchana kweupe! Miguu hiyo ni ya wati mia mbili na zaidi. Mashine ikipata joto kipimo kinayumba. Lazima kirekebishwe na mtu anayejua."

Cha kusikitisha ni kwamba kuhusu joto alisema kweli. Uongo wake ulianza pale alipojitaja kuwa mtu anayejua.

Kesho yake alikuwa nyumbani kwa Daktari, katika chumba cha wageni kisichopata tena wageni kwa sababu ya mashine kama ile. Alijifungia humo na bisibisi ambayo hakuitumia, akaingia kwenye mipangilio, akaongeza kipimo kwa asilimia ishirini, kisha akakaa kidogo ili kazi ionekane nzito. Daktari alipopanda, skrini ikaandika mia mbili na nne. Akamkumbatia Injinia kwa jasho lake lote.

Habari njema haikai ndani. Wakili akaja, akaja mwenye famasi, akaja mwalimu wa kuogelea, na haukupita muda klabu yao nzima ya baiskeli za skrini ikawa imerekebishwa. Watu wenye vitambi wakapanda milima ya katuni kama swala. Daktari akaanza kufunga kliniki mapema ili "asipoteze kipaji", na wagonjwa wakarudi nyumbani na meno yao mabovu.

Ndipo klabu ikatangaza mbio za mtandaoni. Zawadi: baiskeli ya kaboni, nyepesi kiasi cha kuinuliwa kwa kidole.

"Nitakushindisha," Injinia alimwambia Daktari. "Wewe baki na sifa, baiskeli iwe ujira wangu."

"Nimekubali," alisema Daktari, ambaye sifa zilimtosha.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Kila mshindani alitakiwa kuwa na vipimo viwili, cha mashine na cha pedali, na vikipishana, anatolewa. Wateja wengine Injinia hakuwaonya. Watolewe, njia iwe nyeupe. Lakini kwa Daktari alihitaji pedali zinazodanganya sawasawa na mashine, kwani kumrudishia wati zake halisi kungekuwa kujikatia riziki.

Mke wa Daktari, mwenye duka la maua, akamwita jikoni.

"Kaka, nina pedali za kipimo. Kaka yangu alinitumia. Baba watoto hazitaki, lakini nazijua, zina tabia mbaya. Zinazidisha asilimia ishirini."

"Ishirini kabisa, shemeji?"

"Kabisa. Ila siziuzi. Nabadilishana na pikipiki yako, nipate ya kupelekea maua."

Injinia si mtoto. Akasema lazima azijaribu. Akazifunga, akapanda mwenyewe kwa mara ya kwanza, akakanyaga. Mashine: mia moja na tisini. Pedali: mia moja na tisini. Zikalingana kila alipoongeza mwendo. Akashuka akihema kwa furaha, akakabidhi ufunguo na kadi ya pikipiki.

Siku ya mbio, Daktari alikanyaga kwenye mashine yake ya nyumbani mpaka macho yakamtoka. Skrini ikagoma kwenye mia moja na sabini. Wakili akampita, mwenye famasi akampita huku akionekana kwenye kamera akinywa maji.

"Ongeza!" Injinia alinong'ona, uso umemshuka.

"Nimeongeza mpaka nafsi!"

Akamaliza wa mwisho. Alikuwa bado anatukana alipoingia ujumbe wa waandaaji. Washindani wote wameondolewa, vipimo vyao vimepishana, isipokuwa mmoja. Mshindi ni Daktari wa meno.

Daktari akalia machozi. Injinia akakohoa kistaarabu. "Basi, kuhusu ile baiskeli..."

"Subiri kwanza," alisema mke, akiwa na taulo mlangoni. "Mimi huwa naendesha hiyo mashine asubuhi. Siku niliyoamka na mafua ikaniambia nina nguvu kuliko siku zote, nikajua kuna mtu ameichezea. Nimeirudisha sawa kabla hujajaribu pedali."

"Na pedali?"

"Hazijawahi kudanganya. Ndiyo maana huyu hazitaki."

Daktari akajifuta uso polepole. "Kwa hiyo hukunishindisha. Nimeshinda mwenyewe. Kwa wati zangu."

"Lakini pikipiki yangu, shemeji! Umenitapeli!"

"Nenda polisi, kaka. Uwaeleze ulitaka kipimo cha uongo ukapewa cha kweli."

Injinia akajaribu kichwani kuipanga taarifa hiyo kwa namna itakayomfaa. Haikupangika. Akatoka getini kwa miguu, na simu ikaita. Ni wakili.

"Injinia, tumeondolewa wote. Uko wapi?"

"Niko... mbali kidogo."

"Aa, tunakuona. Sisi ndio hawa nyuma yako, tumekuja na baiskeli."

Injinia akageuka, akaona klabu nzima ikikunja kona, akatimua mbio. Kwa wati ngapi, hakuna aliyepima.