Hatari za Chuo Nilizomweleza Katekista

Jumapili, 13 Juni 1982

Baridi kali. Ukungu wa Rhotia uliingia mpaka kanisani, padre akahubiri akionekana nusu mwili. Baada ya misa katekista wetu, Mwalimu Raphaeli, akasoma matangazo. Ng'ombe aliyepotea. Zamu ya kufagia. Kisha sauti ikamtetemeka: binti yake Hyasinta amechaguliwa kwenda chuo kikuu! Vigelegele. Akina mama wakaruka. Nami nikapiga makofi, ya kiasi.

Maana hadi leo asubuhi Rhotia ilikuwa na mwanachuo mmoja. Mimi, Qamara. Umri miaka thelathini na minne, mwaka wa kwanza nimeumaliza. Niliingia kwa mtihani wa watu wazima, baada ya kujisomea kwa posta nikiwa mtunza stoo wa hoteli kule juu ukingoni mwa kreta. Kiingereza changu nilikiokota kwenye magazeti ambayo watalii walifungia viatu. Siku yangu ya kwanza darasani wanafunzi wote walisimama, wakidhani mhadhiri ndiye huyu. Nikawaambia wakae. Wakakaa.

Lakini wivu kando. Hyasinta ana dada. Bernadina! Anafundisha ushonaji parokiani. Nampenda tangu mwaka juzi, kwa siri, siri ambayo mama yangu Marsela huitangaza kisimani. Bernadina hajanikataa. Hajanikubali pia. Huniuliza habari za masomo kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

Mpango umenijia wakati wa wimbo wa mwisho. Hyasinta atahitaji mlezi huko chuoni. Mlezi huleta habari za mtoto kila likizo. Hukaribishwa. Huwekewa chai. Na chai, katika nyumba ile, huletwa na nani? Safi kabisa.

Jumatatu, 14 Juni

Napukuchua mahindi, mara kaingia mzee wa Kimasai, kashuka kutoka Ngorongoro kwa miguu. Jina lake Lengai. Nyuma yake mwanawe Koinet, naye kachaguliwa chuo, na nyuma ya Koinet kondoo dume mwenye mkia kama mto wa kulalia. Mzee akasema kasikia Rhotia kuna mtu aliyefika huko na kurudi mzima. Anataka kijana wake aambiwe ukweli.

Akanitia kamba ya kondoo mkononi. Akasema tangu leo ataniita Paker, nami nimwite Paker, ndivyo wanavyoitana kwao watu waliopeana kondoo. Nikasema haya, Paker. Jina tu, halili majani.

Kumshauri Koinet hakunipi mke. Kwa hiyo nilimwambia ukweli, upesi upesi, bila kuacha mahindi. Nenda na kufuli, ndoo na sabuni. Sabuni zaidi kuliko vitabu, maana vitabu vipo. Blanketi zito mwachie mama, kule joto. Mpishi wa bwalo mjue kwa jina. Wanaoongea Kiingereza cha puani usiwaogope, nao mhadhara hawakuuelewa, ila wamejifunza kutikisa kichwa. Usipoelewa, uliza, mimi nimeuliza mwaka mzima, na nusu ya darasa wamenishukuru kwenye ngazi, kwa kunong'ona. Ukikumbuka nyumbani, usijifungie chumbani. Tafuta mtu wa kwenu mle pamoja. Basi.

Koinet alisikiliza kwa makini, kama mtu anayepokea mifugo ya watu. Aliondoka akiniita mzee. Mzee!

Jumanne, 15 Juni

Kwa Mwalimu Raphaeli. Nimevaa koti. Nilikaribishwa kwenye kiti chenye mto. Bernadina akaleta chai. Ya sukari! Sukari yenyewe, mwaka huu ambao watu wanaipangia foleni toka alfajiri! Nikajua nimeshapokelewa.

Mwalimu akaniuliza maisha ya chuo yakoje. Kusudi langu lilikuwa kutaja hatari moja, ndogo, inayohitaji mlezi. Nikataja maktaba. Nikasema kuna kijana alifungiwa humo Ijumaa akakutwa Jumatatu, kaishi kwa kulamba gundi ya majalada. Mwalimu akaguna. Bernadina akanijazia kikombe cha pili. Kosa lilianzia hapo, kwenye kikombe cha pili.

Nikasema kuna vijana wa sheria wanaoweza kumthibitishia msichana, kwa vifungu, kwamba ameshaolewa nao. Nikasema Jumamosi hupigwa magitaa, na hata waliokuja na rozari huanza kutikisa bega. Nikasema kuna binti mmoja mpole, mtoto wa shemasi, alirudi likizo anavuta sigara mbili kwa mpigo. Huyo nilimtunga pale pale. Nilimwona kabisa!

Mwalimu Raphaeli akauliza kwa sauti ndogo, sasa binti wa watu atalindwa na nani? Mlango huo! Nikaweka kikombe chini. Nikasema, Mwalimu, anatakiwa mtu mzima, wa kwao, aliyekomaa. Akasema amenielewa.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Mama aliuliza kama nimekunywa. Nikasema chai.

Jumatano, 16 Juni

Balaa. Mwalimu Raphaeli amepita asubuhi kunishukuru. Kanishika mikono yote miwili. Kasema nimemwokolea mtoto. Hyasinta haendi popote. Atasaidia chekechea ya parokia, tena ni kazi ya heshima, na akina gitaa watafute mwingine. Mimi nimebaki na punje za mahindi mkononi.

Mchana kaja Bernadina. Kwangu! Mara ya kwanza katika maisha yake kukanyaga uwanja wetu. Alikuwa na jembe. Nikamkaribisha kiti, akasema hakuja kukaa.

Akasema, "Kaka Qamara, mdogo wangu kasoma kwa kibatari mpaka pua ikawa nyeusi. Wewe umemrudisha jikoni kwa vikombe viwili vya chai. Basi linaondoka Jumatatu. Asipokuwamo, usinisalimie tena. Hata kanisani, pale kwenye kupeana amani, mimi unipite."

Nikajitetea kwamba nia yangu ilikuwa njema. Akauliza nia gani. Nikashindwa kuitaja. Akaniangalia, akatabasamu kidogo sana, akaenda zake na jembe lake. Lile tabasamu nimeligeuzageuza mpaka jioni. Sijajua upande wake wa juu ni upi.

Alhamisi, 17 Juni

Nimekwenda kurekebisha. Nikamwambia Mwalimu Raphaeli kwamba kwa kweli chuo ni kama seminari. Kimya. Sala. Wasichana wana bweni lao na mlinzi mkali. Gundi niliitia chumvi.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema Jumanne alikuja Qamara mmoja, leo kaja Qamara mwingine, basi wakishakubaliana wao wawili waje pamoja. Hyasinta alikuwa mlangoni anapepeta maharage. Aliingia ndani kimya, kaacha ungo pale. Hapo roho iliniuma, nikiri.

Mama Marsela kasikia habari yote, kanicheka hadi kanga ikamwanguka. Kasema kwa mtu uliyemkosea huendi mikono mitupu. Nina nini mimi? Nina daftari, koti, na kondoo wa Lengai. Nikampeleka kondoo. Mwalimu akampokea, akamshukuru Mungu, akausifu mkia. Msimamo wake hakuugusa. Nimerudi bila kondoo na bila Hyasinta.

Jumamosi, 19 Juni

Siku ya mnada. Nilikuwa kwa Mwalimu Raphaeli tangu asubuhi, namjengea banda la kuku bure, huenda akalainika. Mara nikaona shuka jekundu njiani. Lengai! Na Koinet! Wanakwenda mnadani, njia inapita pale pale, na kondoo amefungwa mbele, anakula kwa raha, na alama ya sikio ya boma la Lengai inaonekana kutoka barabarani.

Nikaingia kwenye banda la kuku. Banda lenyewe halikuwa na paa, kwa hiyo kila mtu aliniona naingia.

Lengai akalishika sikio la kondoo. Akauliza kondoo huyu kafikaje. Mwalimu akasema ni zawadi ya Qamara. Nikajiandaa kwa fimbo. Badala yake mzee akaangua kicheko, akamwita Mwalimu Raphaeli Paker! Akaeleza: kondoo katoka kwake, kapita kwangu, kafika hapa. Basi kondoo mmoja, sasa ndugu watatu. Akatema mate ya baraka kwenye viganja, akamshika Mwalimu mikono. Mwalimu, mtu wa maji ya baraka miaka yote, akapokea na kusema amina.

Tukaingia ndani wote. Mimi na manyoya ya kuku. Lengai akauliza binti naye anaondoka Jumatatu na kijana wake? Mwalimu akasema hapana, na sababu akazitaja zote, mpaka mtoto wa shemasi. Koinet akashangaa. Akasema yeye hakuambiwa hayo. Akaanza kutaja alichoambiwa: kufuli, ndoo, sabuni, mpishi kwa jina, kuuliza usipoelewa, kula na mtu wa kwenu. Neno kwa neno! Mwalimu akauliza huyo mshauri mwenye akili ni nani. Koinet akaninyooshea kidole. Akasema ni mzee yule pale.

Mwalimu Raphaeli akanigeukia. Akaniuliza kwa nini mtoto wa mwenzake alipewa ukweli na wa kwake akapewa magitaa. Nikamwangalia Bernadina. Kila mtu akafuata macho yangu. Hata Lengai. Nilitamani banda.

Mwalimu akaanza kucheka. Kwanza tumboni, halafu mabegani, halafu machozi. Akapaza sauti kwamba Hyasinta aanze kufunga mizigo! Hyasinta akapiga kelele hadi kondoo akakata kamba. Lengai akasema Koinet atakuwa kaka yake huko, na mlezi mwingine hahitajiki. Ile kazi yangu. Imekwenda.

Nikajiliwaza na chai. Bernadina akaja na birika, akapiga goti vizuri kabisa, akasema, "Shikamoo, baba mdogo."

Nikasema nini?

Akasema si mmekuwa ndugu na baba? Kondoo mmoja. Chai ikanipalia. Koinet ndiye aliyenipiga mgongoni.

Jumapili, 20 Juni

Sherehe ya kuwaaga. Ngoma, kande, togwa, watu wa Endabash nao wamekuja. Hyasinta kacheza mpaka kiatu kikakatika. Koinet kawafundisha vijana kuruka, wakaangukia meza ya padre. Bernadina kaniamkia shikamoo mara nne, kila mara mbele ya umati. Marahaba ya nne niliitika kwa kukata tamaa.

Nikamvuta Mwalimu Raphaeli pembeni, nikamuuliza kama habari ya undugu wa kondoo anaichukulia kwa uzito. Akasema hayo ni ya Lengai, mengine nimuulize Bernadina mwenyewe. Nikamuuliza. Akasema nikamalize kwanza chuo, na kama nitaweza kukaa mwaka mzima bila kumtungia mtu shemasi, tutazungumza, baba mdogo.

Tutazungumza! Nimelala nikiwa na furaha kama mtu aliyegawiwa shamba. Mwaka mzima. Ni kitu gani?

Jumatatu, 21 Juni

Stendi ya Karatu, jua linachomoza. Mizigo iko juu ya basi, wa kwangu pia, nami narudi kuanza mwaka wa pili. Hyasinta ana ndoo mpya na kufuli. Koinet anamshikia kiti. Mama Marsela analia kwa sababu wenzake wanalia.

Mwalimu Raphaeli akanisogelea. Akasema kabla sijapanda ana swali moja dogo. Bernadina naye kapata nafasi ya kusomea uuguzi, hospitali ya misheni, anaanza Septemba. Mimi ni mtu niliyetembea. Huko kwenye vyuo vya uuguzi kukoje? Bernadina alikuwa amesimama hapo hapo, kashika kikapu, ananiangalia, kama anasubiri jambo.

Jibu lilikuwa fupi. Kuzuri. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nikawaza: mbali vile, peke yake, miaka mitatu, na mtu wa kumtembelea asitajwe?

Nikamwomba Mwalimu akae kwenye gunia. Nikaanza na nyoka.

Dereva alipiga honi mara ya pili nikiwa bado kwenye nyoka. Mara ya tatu sikuisikia, Hyasinta anasemekana alipunga mkono. Basi limekwenda na mzigo wangu. Si neno. Kesho lipo jingine, na kwa fisi nilikuwa sijafika.