Nilimlilia Daktari Mapema Mno

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza! Sehemu zote kumi na mbili. Nimeimalizia leo saa tano asubuhi, karakanani, simu nimeiegemeza kwenye kopo la plasta, kisikizio kimoja sikioni, seti ya meno ya bandia ya chini mkononi. Daktari anakufa sehemu ya tisa. Yule daktari! Nililia mpaka nta ikapoa na magego mawili ya mteja yakaganda upande. Itabidi niyapange upya kesho.

Kuna tatizo dogo. Mimi na mke wangu tulikubaliana kuitazama tamthilia hii pamoja. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku anazotoka kazini mapema. Sehemu moja, saa moja kamili jioni, sisi wawili na mama yake. Tulipeana mkono kabisa. Leo tumefika sehemu ya nne.

Lakini nani anaweza kungoja kutoka Jumatatu mpaka Jumatano? Mimi si jiwe.

Sasa hii Tulizo, programu ya kutazamia ambako tamthilia yetu ipo, ina umbea. Kila sehemu uliyoitazama inaichorea kamstari ka manjano kwa chini. Simu yangu na televisheni ya nyumbani ni akaunti moja. Kwa hiyo sehemu zote kumi na mbili zina mstari. Mpaka leo nimejiokoa kwa kuiwahi rimoti. Najifanya mwenyeji mkarimu: kaeni, kaeni, mimi ndiye nitakayewawekea.

Jioni hii, baada ya sehemu ya nne, mke wangu akatangaza kwamba majaribio ya bure yanaisha Jumapili. Ya Tulizo na ya mshindani wake Kipepeo, yote mawili. Itabaki moja tu. Tutapiga kura Jumapili baada ya chakula cha mchana, kila mtu kura yake. Kisha itakayobaki ataikalia yeye mwenyewe na rimoti, aipange ukurasa kwa ukurasa.

Ukurasa kwa ukurasa! Mistari yote ataiona.

Jumanne, 4 Machi

Niandike wazi hatari niliyonayo. Mke wangu anafanya kazi ofisi ya vitu vilivyopotea, stendi kuu ya mabasi. Kutwa nzima watu wanakuja kudai miavuli isiyo yao. Yeye anauliza maswali mawili, kwa upole, na mtu anaondoka bila mwavuli. Mama yake, anayeishi nasi, alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na moja. Hivyo ndivyo nilivyooa.

Leo nimeomba ushauri kwa mwenzangu wa meza ya pili karakanani, tunayemwita Kamanda kwa sababu anaamrisha hata mashine. Kamanda akasema kufuta mistari ile ni kazi ya kufumba na kufumbua. Akaichukua simu yangu. Akafumba, akafumbua, akanirudishia.

Mistari yangu yote ipo. Ila orodha ya mama mkwe imefutika yote! Vile vipindi vyake vya watu wanaosafisha majiko machafu, arobaini na vitu, alivyovikusanya kimoja kimoja tangu alipokuja kwetu. Kamanda akasema huo ni mwanzo mzuri.

Jioni mama mkwe akauliza majiko yake yamekwenda wapi. Nikasema hizi Tulizo za siku hizi haziaminiki. Akanitazama. Mdomoni hana hata jino moja kwa sasa, anasubiri seti mpya ninayomtengenezea, na bado macho yake yanang'ata.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya.

Sehemu ya tano. Nimeiwahi rimoti vizuri, mistari haikuonekana. Nikakaa. Mambo shwari. Basi daktari anatoka sokoni na mfuko wa machungwa. Anacheka. Anampa mlinzi chungwa moja, anamwambia mwakani nitapanda mchungwa wangu mwenyewe.

Mwakani! Nilijua hana mwakani. Nikajaribu kufikiria plasta, nikajaribu kufikiria Kamanda. Wapi. Chozi likatoka, likafuatwa na lingine, mwisho nikawa nalia kwa kwikwi mbele ya mtu anayenunua machungwa.

Mke wangu akauliza kuna nini. Nikasema vumbi la plasta, limeniingia tangu mchana. Akanipa kitambaa. Mama mkwe akasema vumbi hilo lina huruma sana.

Nadhani wamenielewa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Nimeamka nayo. Kama mistari haifutiki, Tulizo yenyewe iondoke. Kipepeo ikishinda, akaunti ya Tulizo inafungwa, na mistari inazikwa nayo. Kazi kwisha.

Mke wangu hataona mwisho wa tamthilia, ni kweli. Atabaki sehemu ya sita maisha yake yote. Jambo hili nimelifikiria kwa muda mrefu, karibu dakika mbili, nikaona atazoea.

Nikahesabu kura. Mke wangu ni Tulizo, hilo halina mjadala. Mimi nitapiga Kipepeo na kusema ni kwa ajili ya mama, maana majiko yapo mengi zaidi kule. Mkwe mwema, anajinyima. Amebaki mama mkwe. Akiwa upande wangu, tumeshinda wawili kwa mmoja.

Chakula cha mchana nilikuja kula nyumbani makusudi. Nikamkuta anakoroga uji. Nikamsifia Kipepeo mpaka mate yakanikauka. Akanisikiliza kama anaandika kumbukumbu za kesi, kisha akauliza meno yake yako wapi.

Hapo ndipo penyewe. Tangu tuanze amekuwa akitaka meno meupe kabisa, weupe wa nambari moja. Mimi kama fundi mwenye heshima zangu nilikataa, nikamwambia mtu wa umri wake apewe weupe wa nambari nne. Tumevutana wiki tatu. Leo nikasema mama, nambari moja. Jumamosi. Yeye akasema Kipepeo ni mdudu mzuri.

Tukaelewana. Sijampaka mtu mafuta kwa ustadi kiasi hiki tangu siku ya posa.

Ijumaa, 7 Machi

Kutwa nimekimbizana na meno ya mama mkwe. Kamanda akaonya kwamba sijapima vizuri mdomo unavyofunga. Kamanda huyuhuyu aliyefuta majiko! Nikamwambia ashike lake.

Jioni sehemu ya sita. Daktari alitokea mara mbili na mara zote mbili nilikwenda jikoni kunywa maji. Nimekunywa bilauri tano.

Iliporudi orodha, nikaizima televisheni haraka. Mke wangu hakuinuka. Akaniegemea begani. Akasema siku nzima leo amegombana na mzee mmoja aliyedai sanduku lenye jina la mtu mwingine. Akasema wiki nzima watu wanamwambia uongo mpaka anachoka, na kinachomsukuma ni hii saa moja, kwa sababu hapa sote watatu hatujui kitakachotokea.

Moyo ukaniuma kweli. Nimpendaye ndiye huyu, na mimi ni mmoja wa watu wa miavuli. Nikafungua mdomo nimwambie kila kitu.

Nikasema ngoja nikanywe maji.

Jumamosi, 8 Machi

Meno yamefika mdomoni mwa mwenyewe!

Ni meupe. Meupe sana. Ukiingia sebuleni unayaona kabla hujamwona yeye. Ila yamekwenda juu kidogo, nusu milimita, haizidi moja, kwa hiyo midomo haifiki kukutana. Anaonekana anatabasamu hata akinuna. Nimemuudhi kwa bahati mbaya saa nane mchana na sikujua mpaka saa kumi.

Tena hayatafuni. Alijaribu mkate, ukatoka kama ulivyoingia. Karudi kwenye uji. Nikamuahidi nitayapunguza Jumatatu. Akasema, kwa tabasamu pana, kwamba ahadi ni ahadi na kura yake iko palepale.

Nimelala mchana usingizi mtamu sana.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda! Nimeshinda kura tatu kwa sifuri! Sijawahi kushindwa vibaya namna hii.

Mama mkwe aliketi kwenye kiti cha meza, daftari mbele, miwani puani, meno yanang'aa. Akatufungulia kikao. Akaniita wa kwanza. Nikasimama, nikasema napenda Tulizo, kila mtu anajua, lakini mtu hujinyima kwa ajili ya mama, na kwa hiyo Kipepeo. Nikaweka na mkono kifuani. Akaandika.

Yeye mwenyewe akasema Kipepeo. Akaandika.

Nikajiandaa kumpoza mke wangu. Maneno nilikuwa nayo tayari. Yeye akasema Kipepeo.

Nikadhani amekosea. Nikamkumbusha tamthilia yetu. Zimebaki sehemu sita! Nikajikuta namtetea daktari, naitetea Tulizo, mimi mwenyewe, kwa sauti.

Mke wangu akanisubiri nimalize. Kisha akauliza maswali mawili, kwa upole. La kwanza, daktari anakufa sehemu ya ngapi? Nikasema ya tisa. Ilinitoka tu! La pili, nilimaliza lini? Nikasema Jumatatu.

Mwavuli ukaenda.

Akasema alijua tangu machungwa. Hakuna mtu duniani anayemlilia mtu mwenye afya anayenunua machungwa. Akasema alisubiri Alhamisi nimwambie, akasubiri Ijumaa begani pangu, akaona naenda kunywa maji. Basi akapiga kura Kipepeo, kwa sababu hana raha ya kukaa na mtu anayejua, yeye peke yake akiwa ndiye asiyejua. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikasema mke wangu, nisamehe, nimekosa. Nilikuwa na mengine ya kujitetea lakini hayakutoka, na nashukuru.

Mama mkwe alikuwa anatabasamu, lakini hilo halikuwa na maana yoyote.

Kisha mke wangu akaondoa viatu, akapandisha miguu kwenye kochi, akasema haya, zilizobaki nisimulie. Zote. Bila kuruka.

Nikasimulia! Sehemu sita, mchana kutwa. Nilikuwa daktari, nilikuwa muuguzi mkuu, nilikuwa gari la wagonjwa. Sehemu ya tisa nilijilaza kwenye zulia nikafa, na mke wangu akalia kweli, mama mkwe akalia huku anatabasamu, na mimi maiti nikalia kuliko wote. Ya kumi na mbili nilipoinuka kumpandia marehemu mchungwa wake kwenye kopo la majani ya chai, walinipigia makofi. Mke wangu akasema hata yenyewe isingekuwa nzuri hivi. Nimesamehewa!

Hukumu aliisoma mama mkwe. Kwanza, meno yarekebishwe. Pili, rimoti itakaa kwake. Tatu, tamthilia mpya kwenye Kipepeo, tuanze wote pamoja Jumatano, na nipeane mkono upya na mke wangu, mbele ya daftari. Nikapeana mkono. Nikatia na sahihi. Nimejifunza somo langu, na limeniingia mpaka kwenye mifupa.

Jumatano, 12 Machi

Meno yamekaa. Mama mkwe leo ametafuna nyama mbele yangu, polepole, akinitazama.

Tumeanza. Ni ya meli ya mizigo, na shujaa wake ni mpishi wa melini, mcheshi, mnene, mtu wa watu. Sehemu ya kwanza tamu mno! Mke wangu alinishika mkono muda wote. Hakuna anayejua kitakachotokea. Ndivyo inavyotakiwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeitazama sehemu ya pili karakanani, nusu yake tu, kuangalia kama Kipepeo inasikika vizuri kwenye kisikizio. Inasikika vizuri.

Nikamalizia, maana huwezi kupima sauti nusu.

Mwishoni mpishi anatupwa baharini na wimbi! Ningeachaje hapo? Nikatazama ya tatu. Anaokolewa dakika ya pili, ameshikilia sufuria. Sawa. Nikatazama na ya nne, kwa sababu ya sufuria.

Na mistari nimeshaichunguza. Kipepeo haichori chochote! Safari hii hakuna umbea. Kilichoniponza mara ya kwanza nakijua, ni machozi. Basi kesho sitalia. Hata ikitokea nini, chozi halitatoka.

Ijumaa, 14 Machi

Ushindi mtupu.

Sehemu ya pili. Wimbi lilipomchukua mpishi, mke wangu alipiga kelele. Mama mkwe alisimama na rimoti mkononi, akaita jina la Mungu. Wakakumbatiana. Skrini ikawa nyeusi, mpishi yuko baharini, na mpaka Jumatatu hakuna jibu. Wote wawili wakalia.

Mimi sikudondosha hata chozi. Niliketi zangu nimetulia tuli, nikaendelea kumenya karanga, nikauliza kama kuna anayetaka. Hata nilipiga mluzi kidogo.

Wakaacha kulia ghafla. Mke wangu akazitazama karanga, kisha akanitazama mimi. Mama mkwe akaenda kuchukua daftari lake. Sijui la nini, maana kura tulishapiga.