Nguvu Zimo Kiunoni

Jumamosi, 15 Julai 1967. Mkunazini.

Mkwe wangu, Mzee Jecha, kaja mjini kutoka Makunduchi kutazamwa goti. Nikampa shikamoo, akanipa marahaba fupi. Ndefu alimwekea Machano, aliyeingia baada yangu. Niliisikia vizuri, ilikuwa na tabasamu ndani yake.

Machano ni mwanyumba wangu. Mimi nimemuoa Wanu, yeye kamuoa mdogo wake, Mize. Anauza nyama Darajani. Mkono wake mnene kuliko mguu wangu. Kila Ijumaa anamletea mke wangu mifupa ya supu, bure. Nani kamuomba? Mke wangu ana mume! Mume mwenyewe karani wa ghala la karafuu, ni kweli, na karafuu peke yake haifanyi supu, lakini mume ni mume.

Basi Mkwe kasema goti limekwisha. Tangu ujana wake yeye ndiye anayesimama mbele siku ya Mwaka Kogwa, watu wa kusini wanapokutana na wa kaskazini uwanjani na kutandikana kwa vipande vya mgomba. Hana mtoto wa kiume. Mwaka huu atatupanga sisi wakwe zake wawili, mmoja upande huu, mmoja upande wa pili, yeye atazame. Atakayemridhisha atashika nafasi yake.

Wote chumbani wakamtazama Machano. Wanu naye!

Najua kwa nini. Mwaka jana nilipigwa kimoja tu, cha sikio, na nilipozinduka nilikuwa katikati ya wanawake. Sikukimbia. Nilihama. Lakini wanawake wa Makunduchi hawana haja na tofauti hiyo. Papo hapo wakanitungia wimbo kwamba bwana wa mjini kaja kuazima kanga. Wanu alirudi mjini kakaa kiti cha mbele cha gari, mimi nyuma na mikungu ya ndizi. Hajanena neno juu ya siku ile mpaka leo. Afadhali angenitukana.

Nasema wazi, maana hapa hanisomi mtu: naona wivu. Unaniuma kama jino.

Jumatatu, 17 Julai

Mungu hamtupi mja wake! Usiku nimekumbuka kwamba mimi ninajua jambo asilolijua mtu mwingine kisiwa kizima.

Kabla Waingereza hawajaondoka, nilikuwa nikimbebea fimbo za gofu Mista Pakinsoni pale Mnazi Mmoja. Miaka mingi nimetembea nyuma ya kaptura yake. Mtu mwembamba, mikono kama tambi za taa, na mpira wake ulikuwa ukienda mbali kuliko wa wenzake wanene. Siri yake alikuwa akiihubiri kila siku, kwangu na kwa minazi. Nguvu hazimo mkononi. Nguvu zimo kiunoni. Unatia uzito mguu wa kulia. Unageuza bega mpaka mgongo uelekee kule unakotaka kupiga, mkono wa kushoto umenyooka. Mwili umejisokota kama kanga inayokamuliwa. Kisha kiuno kinaanza kurudi, bega linafuata, mkono unafuata bega, kifundo cha mwisho kabisa. Kila kimoja kinampa mwenziwe alichonacho. Kichwa chini, macho kwenye mpira, na usiharakishe!

Alipoondoka aliniachia fimbo moja yenye kichwa cha mbao, na mipira. Leo baada ya kazi nimekwenda nayo Mnazi Mmoja. Pigo la kwanza nikatumia mkono mtupu. Mpira ukabiringika kivivu, ukasimama karibu na mbuzi, mbuzi akaunusa. La pili nikatumia kiuno.

Subhanallah. Ulilia. Ukawapita vijana waliokuwa wakicheza kandanda, ukampita mlinda mlango, ukampata mgongoni bwana mmoja aliyeinama kufunga kiatu. Sikungoja kuulizwa. Nilifika nyumbani nikihema, fimbo nimeificha ndani ya kanzu, natembea kama mtu aliyekakamaa mguu.

Machano ana nini? Mkono tu. Mkono bila kiuno ni nini? Mpira wa kunuswa na mbuzi.

Jumatano, 19 Julai

Nimenunua kipande cha mgomba kwa muuza ndizi, Darajani. Akaniuliza ninafuga ng'ombe? Nikamwambia ndiyo, ili nisieleze.

Nimelitundika godoro letu la sufi uani, kwenye kamba, liwe Machano. Kwa nusu saa nimegeuza bega, nimerudisha kiuno. Mwanzo kiuno kilikataa. Baadaye kikakubali kwa moyo wote. Pigo la mwisho godoro likapasuka tumboni na sufi ikajaa ua mzima.

Bi Duni, jirani, alikuwa anatizama chini kutoka darini kwake tangu mwanzo. Sijui kwa nini bibi yule hana kazi. Akamwita Wanu, Wanu akaitika labeka, akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini: “Mwanangu, mumeo ankata kiuno peke yake uani. Ngoma gani hiyo, nasi tualikwe?”

Wanu akatoka, akaona sufi, akaona mgomba, akaniona mimi. Akaniuliza lile godoro limenikosea nini. Nikasema ni mazoezi. Akaokota sufi, kisha akasema nisijiumize, hakuna aliyenilazimisha kwenda mbele.

Hakuna aliyenilazimisha! Maana yake Machano anatosha. Usiku huu tumelala juu ya mkeka.

Ijumaa, 21 Julai

Nina akili. Lazima niseme mwenyewe maana nikiwangojea wengine nitazeeka.

Nimewaza hivi: haitoshi mimi kujua. Inatakiwa na Machano asijue, tena asijue kwa uhakika. Basi kabla ya sala ya Ijumaa nimekwenda bandani kwake Darajani. Nikamwambia kidugu kabisa kwamba nimemuonea huruma, yeye mtu wa banda la nyama, hakupata kukaa na wataalamu. Nikampa siri ya Mista Pakinsoni nikiwa nimeigeuza nje ndani. Miguu, nikamwambia, ipigilie misumari chini. Kiuno kife. Usigeuke hata kidogo. Tumia mkono tu, tena mfupi, kwa haraka, usingoje.

Machano alisimama na shoka lake mkononi, anatikisa kichwa kama mtoto wa chuoni. Akajaribu pale pale kwenye ubavu wa ng'ombe. Ta ta ta ta! Akasema, “Wallahi mwanyumba, hii nshaielewa.” Macho yakamlengalenga. Akasema hajapata ndugu kama mimi. Akanifungia maini, makubwa, nimpelekee Wanu.

Wanu kayasifu maini jioni nzima. Laini! Mabichi! Machano anajua kuchagua! Nikamwambia aliyeyabeba ni mimi. Akasema asante kwa kuyabeba.

Nimekula mawili matatu. Ni kweli yalikuwa laini.

Jumamosi, 22 Julai

Nimejitazama kwenye kioo cha kabati nikigeuza bega. Umbo zuri. Umbo la mtu wa kusimama mbele. Wanu anashona kanga mpya ya sikukuu na godoro kwa zamu. Kaniuliza, bila ya kuniangalia, kama mwaka huu nikipigwa nitafanya nini. Nikasema atauona mpira ukilia. Hakuelewa. Akasema yeye hataki nishinde, anataka aweze kurudi kwao akiwa kainua uso.

Ni maneno ya mwanamke aliyekwisha kumchagua mshindi mwingine. Nimemuweka Machano kwenye kioo na nimempiga mpaka kioo kikatikisika.

Jumatatu, 24 Julai. Makunduchi.

Naandika kifudifudi.

Asubuhi uwanja umejaa. Wanawake wamevaa kanga mpya, wanazunguka na kuimba. Waliponiona wakauanza ule wa mwaka jana, wa kuazima kanga. Wanu alikuwa kati yao. Yeye hakuimba, alitazama chini.

Mkwe akanipanga upande wake, mbele kabisa. Mwenyewe akasimama nyuma yangu, anaegemea bakora, ili aone vizuri. Upande wa pili: Machano. Mgomba mkononi kama kijiti cha meno. Akaniinulia mkono kunisalimu, salamu ya mwanafunzi kwa mwalimu.

Wazee wakatoa amri. Nikapanga miguu. Uzito kulia. Kichwa chini, macho kwenye mpira. Mpira hapakuwa, kwa hiyo nikatazama kidole gumba cha mguu wa Machano. Nikaanza kugeuza bega taratibu, taratibu, mpaka mgongo ukamwelekea yeye sawasawa.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo Mista Pakinsoni hakupata kulitaja. Mpira wa gofu unangoja. Machano hakungoja.

Pa! Mgongoni. Pa! Pa! Miguu yake imepigiliwa misumari, kiuno kimekufa, mkono mfupi, wa haraka, hivyo hivyo nilivyomfundisha. Nilitaka kuufungua mwili lakini sauti ya Mista Pakinsoni ikaniambia usiharakishe, sokota mpaka mwisho. Nikaendelea kusokota. Pa! Wimbo wa wanawake ukakatika. Nikasikia mtu anauliza yule nani anayepigwa wala hatikisiki? Pa pa pa! Nyuma yangu Mkwe akasema, “Alaa!”

Kisha nikafungua. Kiuno! Bega! Mkono! Kifundo! Wallahi sijapata kupiga vile maishani. Mgomba ulilia hewani. Machano aliinama kuokota kofia yake, ukampita juu, ukaendelea na safari. Maana pigo la gofu haliishii mbele. Linazunguka na kumalizikia nyuma ya bega la kushoto. Nyuma ya bega la kushoto alisimama Mkwe.

Mkwe alikuwa kakaa mchangani, miguu mbele, bakora kule. Akapapasa kofia, akaivaa. Akasema tangu aanze kusimama mahali pale, hakuna mtu wa kaskazini aliyepata kumuangusha. Kaangushwa na mkwewe wa kusini.

Nikataka ardhi ipasuke. Lakini akacheka, mpaka akakohoa. Akasema ya uwanjani huachwa uwanjani, hiyo ndiyo maana ya Mwaka, mtu apige, apigwe, atoke na moyo mweupe. Nafasi ya mbele akampa Machano. Ulaaniwe mgomba!

Na Machano, mpumbavu yule, akanyanyua mkono wangu juu. Akatangaza mbele ya wenyeji na wageni kwamba yote aliyoyafanya kafundishwa na mimi. Watu wakanishangilia. Kila aliyenipongeza alinipiga mgongoni. Mkwe akanitazama upya, akasema, “Kumbe una faida.”

Tukakumbatiana, mimi na Machano, kama desturi ilivyo. Nikasema sina kinyongo. Nikarudia kwa sauti, na wote wakasikia.

Jumatano, 26 Julai. Mjini.

Sina kinyongo. Naandika tena ili nione linavyokaa kwenye karatasi.

Wanu kanikanda mgongo leo, kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu. Polepole. Kasema, “Mwaka huu hukukimbia.” Kasema wanawake walimuuliza yule aliyegeuza mgongo ni wa nani, naye akawaambia ni wangu mie. Kasema wamenitungia wimbo mwingine, wa mtu mwenye mgongo wa mninga, na alitaka kuniimbia lakini alikuwa analia na kucheka. Ni kweli, nakumbuka sasa, kwenye gari tulikaa naye kiti kimoja, na mkono wangu aliushika mpaka Darajani mbele za watu.

Nilikuwa nataka kumjibu jambo zuri. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Hapo nikaona chupa ya mafuta ina nusu tu.

Nikauliza nusu ya pili iko wapi. Kasema kampelekea Mize, maana Machano kifundo cha mkono kimemvimba.

Kimemvimba kwa kumpiga nani? Mimi! Na anakandwa kwa mafuta yangu! Wanu akasema niache utoto. Lakini aliposema jina la Machano alitabasamu. Au alikuwa bado anatabasamu kwa yale ya mwanzo? Sikubali kudanganywa na mpangilio wa mambo.

Alasiri Machano mwenyewe kaja, mkono kaufunga kitambaa, kaleta mbavu. Kasema mwaka ujao ndiye atakayesimama mbele, anaogopa kuwaaibisha wenyeji, ana haja ya masomo zaidi. Nikamwambia karibu sana.

Nimelala kifudifudi nikapanga kila kitu. Mwaka ujao misumari, kiuno kilichokufa, mkono mfupi wa haraka, vyote vyangu. Yeye nitampa ile siri halisi ya Mista Pakinsoni. Nitamfundisha kugeuka. Nitamfundisha kumpa adui mgongo wake wote mpana, asokote taratibu, apigwe mbele ya Makunduchi nzima bila ya kutikisika.

Na Wanu amtazame vizuri.