Malalamiko Dhidi ya Soksi ya Kulia

Kwa Mganga Mfawidhi,
Kliniki ya hapo mtaani.

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: SOKSI ZA KUBANA MIGUU NILIZOPEWA CHUMBA NAMBA NNE

Natumaini u mzima na kazi zinakwenda. Mimi ni yule fundi cherehani ambaye kibanda chake kinatazamana na geti lako. Makoti meupe mnayovaa, isipokuwa yale mawili yanayovuta mabegani, nimeyashona mimi. Samahani kwa mwandiko. Naandika nikiwa nimelala chali nyumbani kwa shemeji yangu, mguu wa kushoto uko juu ya mito miwili na sanduku la nguo, na kalamu ya wino haipendi kuandika ikitazama dari.

Kama unavyojua, maana nilikuambia wewe, na walinzi wako, na kila aliyekuja kuchukua suruali tangu mwaka jana, binti yangu mkubwa alikuwa anaolewa. Tangu akiwa na miaka saba, akikaa chini ya meza ya cherehani kuokota vipande vya uzi, nilimwahidi mambo mawili: gauni la harusi nitalishona mimi, na siku yenyewe nitaingia naye ukumbini tumeshikana mikono. La kwanza nimelitimiza. La pili limenishinda, na ninayemlaumu ni soksi. Naomba unisikilize hatua kwa hatua, bila kucheka, kwa kuwa watu wa hapa wameshacheka vya kutosha.

1. Kuhusu vipimo. Nilikuja kliniki kwa hiari yangu, yaani mke wangu alinishika mkono hadi mlangoni. Mishipa ya mguu ilikuwa imeanza kujitokeza, na safari ya basi kwenda kwenye harusi ni saa kumi na nne. Sista wa chumba namba nne, ambaye kwa umri ni mwanangu, alinieleza kwa adabu kwamba mtu akikaa muda mrefu damu hutuama miguuni, na ikituama sana yaweza kuganda, kwa hiyo nivae soksi zinazobana kifundoni na kulegea kidogo kidogo kadiri zinavyopanda. Nikasema sawa. Nikatoa mfukoni kikaratasi cha vipimo vyangu, nilivyojipima mwenyewe jioni baada ya kazi, na nikaongeza vidole viwili vya nafasi kila mahali. Sista alikisoma kile kikaratasi mpaka mwisho, kisha akakitia kwenye ndoo ya taka. Akaniambia, "Baba, njoo kesho asubuhi kabla hujakaa kwenye cherehani, miguu ikiwa haijajaa. Na hii si suruali ya shule, hatuachi nafasi ya kukua." Mganga, nina miaka thelathini na minane katika kazi hii. Wapo waliovikataa vipimo vyangu, wapo waliolia mbele ya kioo, na mwalimu mmoja wa hesabu aliwahi kunifuata na rula. Lakini kuvitupa, hapana. Kesho yake nilirudi, akanipima upya, akaandika kwenye kadi na kunipa soksi.

2. Kuhusu kuvaa. Karatasi ya maelekezo inasema geuza soksi hadi kisigino, ingiza vidole, vuta taratibu. Nilijaribu peke yangu. Nilivyoivuta, nayo ilinivuta. Nikashika meza ya pasi, meza ya pasi ikanishika mimi, tukaenda chini sote wawili. Mke wangu aliingia akanikuta sakafuni, mguu mmoja hewani, akauliza mazoezi nimeanza lini. Ilibidi avae glavu zake za mpira ndipo soksi ikapanda. Mtu mzima kuvishwa soksi na mkewe mbele ya mteja aliyefuata sketi yake ni jambo ambalo kliniki yako haikuliandika popote kwenye maelekezo.

3. Kuhusu ushonaji wa soksi zenyewe. Hapa naongea kama mtaalamu kwa mtaalamu. Nguo hii ina kasoro. Inabana. Nilivyojifunza mimi, nguo nzuri humpa mwenyewe nafasi ya kupumua, kuinama na kushiba. Nikaamua aliyeitengeneza alikosea kusoma vipimo, au alikuwa bado anajifunza kazi. Sikumsema vibaya, nilimsaidia. Nilichukua ya kushoto, nikaichana kwa wembe upande wa nyuma, kutoka juu ya kisigino hadi karibu na goti, nikaingiza kipande cha fulana yangu ya zamani, upana wa vidole vitatu, nikapiga zigizaga. Kazi safi, ukiitazama kwa mbali hujui. Ikaingia mguuni bila glavu wala mke. Ila sasa ikawa kila nikipiga hatua nne inateremka kwenye kiatu, na kwa hilo pia nilikuwa na dawa: nikaitia lastiki ya kiunoni, ile ngumu ya bukta, chini kidogo ya goti, nikaikaza mpaka ikatulia. Nilitembea chumbani mara mbili nikajisifu kwa sauti.

Ya kulia sikuigusa. Si kwamba sikutaka, ila kifuani mwa gauni zilikuwa zimebaki shanga mia moja na kitu, na basi lilikuwa linaondoka asubuhi ya pili yake. Naomba uzingatie hilo, kwa kuwa kesi yangu yote imesimama hapo.

4. Kuhusu safari. Gauni sikulikabidhi kwenye buti la basi, kule kuna magunia na vipuri vya magari. Nililipakata. Lilikuwa kwenye mfuko wake mweupe, mkia umekunjwa mara sita, nami chini yake nimetulia kama meza, kuanzia tunatoka mpaka tunafika. Sista alikuwa amesema basi likisimama nishuke nitembee, ninywe maji, na nikiwa nimekaa nichezeshe vifundo vya miguu. Sasa nishuke na gauni jeupe nikaliburuze kwenye oili ya gereji? Mke wangu alijitolea kulishika mara tatu, lakini mke wangu alikuwa anakula machungwa. Maji niliyakataa kwa sababu mbili, moja ni kwamba yanamwagika, na ya pili unaijua. Vifundo sikuvichezesha kwa sababu mkia ungeteleza. Kondakta alipita akaniambia, "Mzee, nyoosha miguu basi, hilo gauni halina pa kukimbilia." Nikaukumbatia mfuko zaidi. Kijana yule hajawahi kushona hata kifungo.

Kuanzia mchana mguu wa kushoto ulianza kuniita. Kwanza uliniita kwa upole, ukawasha. Baadaye ukawa mzito, ukauma. Nilijua kabisa kwamba kulegeza lastiki ni kazi ya nusu dakika, na kwamba ili niifikie lazima niinue gauni. Sikuliinua. Hili naliandika ili uone jinsi soksi ilivyonitesa.

5. Kuhusu kosa la soksi ya kulia. Tuliposhuka, mguu wa kushoto ulikuwa umejaa kiasi kwamba nilipovua kiatu hakikurudi tena. Wa kulia, uliovaa soksi ambayo sikupata nafasi ya kuirekebisha, ulikuwa mwembamba, mwepesi, mchangamfu, unataka kwenda kutembea. Mtu asiye na elimu angesema wa kushoto umevimba. Mimi nimepima miguu ya mtaa mzima, nasema wa kushoto ndio mguu wangu halali, wenye nafasi yake, na wa kulia umepunguzwa bila idhini ya mwenyewe. Nilipima tofauti yake kwa kanda: vidole vinne kwenye shavu la mguu. Hakuna suruali ninayoweza kumshonea mtu wa namna hiyo.

Daktari wa huku, mwenye miwani, hakukubaliana na hoja yangu. Alinipaka ute wa baridi, akapitisha mashine juu ya mguu, mke wangu akisali. Kisha akasema nimshukuru Mungu, damu haijaganda. Akaishika ile lastiki, akaigeuza ile zigizaga, akauliza ni nani aliyefanya kitu hiki. Nikajibu kwamba soksi nilipewa kliniki. Hilo ni kweli tupu. Akasema basi kliniki hiyo inatakiwa kulalamikiwa, na mke wangu akanitazama, nami nikatazama dirishani. Nikaona kwamba nikikaa bila kulalamika nitaonekana mwongo. Ndiyo maana nimekuandikia.

Aliniamuru nilale siku tatu, mguu juu. Harusi ilikuwa kesho yake.

6. Kuhusu harusi. Hili ni fupi. Binti yangu alivalishwa chumba cha pili, kisha akaja kunionyesha. Gauni lilimkaa. Naomba uliandike hilo kwenye faili langu kama lina nafasi: lilimkaa. Ila upande mmoja pindo lilikuwa limeshuka nusu kidole. Nikamwambia asogee, akasimama kando ya kitanda, nikalipandisha kwa mkono nikiwa nimelala hivi hivi, na yeye muda wote ameweka kiganja juu ya kichwa changu kama vile mimi ndiye mtoto. Hakuniuliza kama nitaweza kusimama. Nilikuwa nimetayarisha jibu.

Halafu mjomba wake, yaani huyu shemeji mwenye nyumba, akampa mkono, wakaondoka. Nikasikia milango ya gari ikifungwa mmoja mmoja. Nililia, Mganga, sikufichi. Shemeji alikuwa amevaa koti alilolishonesha kwa fundi mshindani wangu wa barabara yetu alipokuja kututembelea, makusudi kabisa, mikono yake imefika vidoleni, na koti hilo ndilo litakaloonekana kando ya gauni langu katika kila picha mpaka wajukuu wazeeke. Mke wangu alinirekodia wanavyoingia ukumbini. Ni dakika tatu. Mbili ni feni na visogo vya watu. Katika ile moja, binti yangu anafika mlangoni, anasimama, anageuka kutazama nyuma kama mtu anayemsubiri mtu, kisha anaingia. Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mzima.

Kwa sababu hizo, naomba kliniki yako itekeleze yafuatayo:

(a) Irudishe mguu wangu wa kulia katika unene unaolingana na mwenzake, kabla mwenzake hajaendelea kupungua. Tangu juzi naye ameanza, na nina wasiwasi kwamba wanaigana.

(b) Izuie matumizi ya soksi ya kulia, na wagonjwa wengine wanaosafiri mbali waonywe mapema kwamba soksi hii ikivaliwa kama ilivyotengenezwa, inafanya kazi.

(c) Sista apewe onyo kwa kukitupa kikaratasi changu. Kama ndoo haijamwagwa, naomba nirudishiwe, sikubaki na nakala.

(d) Harusi irudiwe. Nimeuliza, ukumbi uko wazi Jumanne.

Najua kliniki ina mambo mengi, na kama maombi yote manne hayawezekani, nitaridhika na hilo la mwisho.

Nakutakia utumishi mwema na wagonjwa wasikivu. Nisalimie walinzi wote wa zamu zote, mfamasia, mama wa usafi, na wale wazee wa foleni ya presha, uwaambie suruali zao ziko tayari ila mwenye ufunguo wa kibanda kafungwa mguu. Mke wangu anakusalimu, anasema yeye hana malalamiko yoyote. Sista naye msalimie, kwa kiasi.

Wako katika kulala chali,
Fundi wa mkabala na geti.

Nyongeza: Barua hii inaletwa kwako na binti yangu mdogo, anayetangulia kurudi kesho. Tafadhali mpe jozi nyingine ya soksi aniwekee kwenye basi linalokuja huku. Tumia vipimo vya Sista vilivyo kwenye kadi yangu, na kama bado nina heshima yoyote hapo kwenu, Sista aandike juu ya pakiti kwa herufi kubwa USISHONE. Malalamiko yangu namba moja hadi tano nayafuta. La sita siwezi kulifuta, lakini halikuhusu wewe wala soksi. Nilimpa binti huyu aisome barua kuona kama mwandiko unasomeka. Amecheka mpaka akakaa sakafuni, halafu akaacha kucheka, akanieleza jambo alilokuwa akilificha ili harusi ya dada yake ipite kwanza. Naye ameposwa. Ni mbali zaidi, saa kumi na nane kwa basi. Anasema gauni atanunua la dukani, lililokwisha kushonwa. "Baba, wewe niletee miguu tu." Mganga, katika nyumba yangu hajawahi kutoka mtu kwenda kwenye sherehe na nguo ya dukani. Nimemwambia alinunue.