Makambi Penye Kona ya Gucha

Jumapili, 1 Agosti 1971

Nimeteuliwa! Kamati ya kanisa ilikaa asubuhi. Mchungaji Ombati akauliza nani atatafuta kiwanja cha makambi ya mwaka huu, ibada zetu za kulala mahemani, maana kile cha zamani kimepandwa chai. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza. Sababu niliyoitoa: mimi ni karani wa wapima mashamba hapa Kenyenya. Nina futi, nina mnyororo wa kupimia, nina daftari. Sababu niliyoificha: Bathsheba.

Mshenga wangu alikwenda kwa baba yake, Mzee Zachariah Ombui, Agosti ya mwaka jana. Mzee akasema atafikiri. Anafikiri mpaka leo. Mwezi uliopita Mwalimu Okemwa wa kwaya naye alimtuma mshenga wake huko huko. Mzee amewaambia washenga wote wawili kwamba jibu atalitoa makambi yakiisha.

Kwa hiyo nina majuma matatu. Mpango ni huu: kiwanja kiwe karibu na nyumba ya Mzee, anione nikifanya kazi toka asubuhi hadi jioni. Bathsheba mwenyewe hana kipingamizi. Ameniambia mara mbili, mara ya pili kwa ukali kidogo.

Mama yangu husoma Ekegusii tu, lugha yetu ya nyumbani. Ndiyo maana shajara hii ni ya Kiswahili.

Jumatano, 4 Agosti

Nimekagua viwanja vitatu. Vipimo vitano: maji, kivuli, mteremko, upepo, njia. Kila kimoja alama kumi.

Kwanza, kilima chenye msitu wa miwati, karibu na kwa ami ya Okemwa. Kivuli kizuri mno, njia nzuri, maji mbali kidogo. Alama 38. Inasikitisha.

Pili, kando ya bwawa la kunyweshea ng'ombe. Kwa mbali linapendeza kama ziwa. Kwa karibu ni tope na vyura. Buti langu la kushoto lilibaki humo. Alama 22, na hapo nimekuwa mwungwana.

Tatu, Kona ya Gucha, chini ya migomba ya Mzee Zachariah. Mto umezunguka pande tatu. Nyuma kuna mikaratusi. Majani ni laini kama mkeka. Nikajumlisha: 36.

Matatizo. Nikakaa chini ya mkaratusi nikafikiri. Nikaona nimesahau kipimo cha sita, ukarimu wa majirani. Kona ya Gucha: 10. Kilima: 4. Bwawa: 5, kwa sababu mwenye ng'ombe alinisaidia kulitafuta buti. Sasa Gucha ina 46, kilima 42. Hesabu haina upendeleo.

Namshukuru Mungu aliyeziumba hesabu, hata na zile za kurudia.

Jumapili, 8 Agosti

Kamati. Nilisoma ripoti, kurasa sita. Okemwa alitaka kujua kwa nini ukarimu wa kilimani umepata 4. Nikajibu kwamba sikukaribishwa hata uji. Akasema nilifika saa moja asubuhi, watu wote wakichuma majani ya chai, na kwamba labda nilitaka kuku waniandalie. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sekunde mbili.

Kura: tano kwa nne. Gucha! Mzee Zachariah hakupiga kura kwa kuwa ni jirani. Nilimwona akitabasamu. Au lilikuwa jino. Naliandika kama tabasamu.

Jumanne, 17 Agosti

Mahema yamesimama. Hema kubwa la mahubiri lililetwa na lori, nami nikatoa maagizo kwa filimbi. Liliangukia kwaya mara moja tu. Hakuna aliyeumia, isipokuwa Okemwa, heshima yake.

Nilichora ramani na kuyapa namba mahema yote ya familia. Mzee Zachariah na watu wake: namba 3. Nyumba yake iko hapo juu tu, lakini katika makambi hakuna alalaye nyumbani, kila mtu ni kama Waisraeli jangwani. Namba 4: mimi. Kamba za hema langu zinapishana na zake. Akigeuka kitandani nitasikia.

Mama Nyangate, mamake Bathsheba, alipita na mtungi. Alipofika hapo alisimama, akatazama namba 3, akatazama namba 4. Aliuliza, uso ameuelekeza kwenye mikaratusi, kama nilikuwa na sababu. Nikasema ni utaratibu. Akasema haya, kisha akazunguka hema kubwa lote ili asipite mlangoni kwangu. Sikuelewa. Labda alikuwa akinyoosha miguu.

Nashukuru kwa hali ya hewa, na kwa buti la kuazima.

Jumatano, 18 Agosti

Makambi yamefunguliwa. Watu wametoka hadi Suneka. Nyimbo zimejaa bonde zima. Niliona machozi yakinitoka na sikuona aibu.

Nimebandika ratiba ya kuoga kwenye mkaratusi. Wanawake wana mahali pao juu, penye mawe. Wanaume tuna kidimbwi kimoja tu kinachofaa, chini, chenye kichaka pande zote. Ili pasiwe na msongamano nimegawa nusu saa nusu saa, mahema mawili mawili kwa namba. Namba 3 na namba 4: saa kumi na mbili asubuhi.

Nani mwingine angefikiri hili? Kila asubuhi nitateremka na Mzee, nimbebee sabuni na taulo, tuzungumze. Mshenga wangu hakupata nusu saa kama hiyo mwaka mzima. Leo Mzee hakuifuata ratiba, alioga alasiri na wanakwaya. Nikamwomba Mchungaji atangaze kwamba ratiba ni ya wote. Ametangaza. Kesho!

Alhamisi, 19 Agosti

Naandika nikiwa ndani ya blanketi. Si kwa baridi tu.

Nilimngoja Mzee mlangoni pake mpaka saa kumi na mbili na dakika tano. Kimya. Nikadhani bado amelala, nikaona afadhali niwahi kuoga, kisha nirudi nimsindikize nikiwa safi. Ukungu ulikuwa mzito, mtu haoni mkono wake. Nikaingia majini. Nikajipaka sabuni kichwa kizima. Nikasikia mtu akiingia upande wa pili, akapiga chafya, akaomba sabuni. Nikampa, macho nimeyafumba. Akasema ahsante, mwanangu.

Sauti ile naijua. Nikayafumbua macho, sabuni ikaingia yote. Mzee Zachariah Ombui. Kama alivyozaliwa.

Hapa niandike jambo ambalo kila mtoto wa Kisii analijua kabla ya kujua kuhesabu, nami nililisahau kwa kuhesabu. Kuna chinsoni, haya iliyopo kati ya wakwe. Mtu na baba mkwe wake hawaonani utupu. Hawalali karibu. Hawaogi mto mmoja wakati mmoja. Zamani ingebidi mbuzi achinjwe. Sisi ni Wasabato, hatuchinji mbuzi kwa mambo haya, lakini Mchungaji mwenyewe husimama nyuma ya kichaka mpaka mkwewe atoke mtoni. Sasa nimeelewa miguu ya Mama Nyangate.

Tulizama wote wawili hadi shingoni. Tukapeana migongo. Nguo zake zilikuwa ukingo wa kulia, zangu wa kushoto, na hakuna aliyeweza kutoka kwanza. Nikasema Mzee, tangulia. Akasema hapana, tangulia wewe. Nikasema siwezi kumtangulia mkubwa. Gucha mwezi wa Agosti inatoka kwenye jiwe la barafu, sijui wapi. Kule juu walianza wimbo wa asubuhi, beti zote nane. Nilisikia meno ya Mzee yakifuata mapigo.

Ukungu ulipoanza kupanda walifika wa namba 5 na 6. Namba 6 ni Okemwa na waimbaji wake wanne wa besi. Alisimama ukingoni, akatutazama, akatutazama tena. Akasema katika Biblia aliyeonekana akioga alikuwa Bathsheba, lakini Kenyenya tumemtanguliza babake. Besi wote wanne wakacheka kwa sauti yao ile.

Aliyetutoa ni Mchungaji, kwa mablanketi mawili, akitembea kinyumenyume.

Mzee amerudi hemani. Ameugeuzia mlango wa hema lake upande wa mto.

Nashukuru sikufa. Sina lingine.

Ijumaa, 20 Agosti

Wazee wa kanisa waliitwa saa nane mchana, ili mambo yaishe kabla ya jua kutua na Sabato kuingia. Aliyeshtaki ni Okemwa. Alisema kijana Angwenyi, yaani mimi, amemvunjia Mzee Zachariah heshima, amelala kamba kwa kamba naye, ameoga naye. Aliomba mshenga wangu arudishwe leo leo. Niliketi upande mmoja wa hema kubwa, Mzee upande mwingine, blanketi limetundikwa kati yetu. Mama Nyangate na wanawake walikuwa nje, nyuma ya turubai.

Mchungaji akaniuliza kama ratiba ilikuwa yangu. Nikakubali. Akauliza kama namba za mahema zilikuwa zangu. Nikakubali. Akauliza na filimbi. Nilikwisha kukata tamaa, nikakubali yote. Niliwaza Bathsheba akiimba kwenye harusi yake na Okemwa, na mimi nikipima uwanja.

Okemwa akaona amekwisha kushinda, akaongeza. Alisema tatizo si kidimbwi. Yeye mwenyewe aliingia humo na Mzee Jumatano alasiri, akamsugua mgongo kwa jiwe, wakaongea na kucheka, na Mzee hakulalamika hata kidogo. Kwa hiyo tatizo ni mtu.

Kisha Mama Nyangate akasema kutoka nyuma ya turubai, taratibu, kama mtu anayechambua mboga:

"Mzee, huyu mwalimu amekusugua mgongo na hukuona haya. Huyu karani umekaa naye majini nusu saa nzima mpaka ukapata kikohozi. Tangu lini mtu akamwonea haya mtu baki?"

Mzee mmoja wa Suneka akajikuna sikio, akasema kwa kweli hiyo ni hoja. Mwingine akasema chinsoni haipo kati ya watu wasiohusiana, yeye huoga na wauza ng'ombe kila soko. Mchungaji akauliza, kwa upole sana, Mzee Zachariah alijificha majini kwa ajili ya nani hasa.

Nilisikia Mzee akikohoa upande wa pili wa blanketi. Alikohoa mara nyingi. Okemwa alikuwa akitazama viatu vyake.

Mwishowe Mzee akasema, "Basi amwoe. Lakini hilo hema lihamishwe kabla jua halijatua."

Nimelihamisha kwa dakika kumi na moja! Sasa niko ng'ambo ya vyoo, peke yangu, namba 61. Upepo wa hapa ni mbaya. Mahali pazuri kuliko hapa sijapata kulala maishani.

Sabato, 21 Agosti

Siandiki kazi. Naandika shukrani. Kwa Mungu. Kwa Mama Nyangate, ambaye kuanzia jana siwezi kumtazama usoni, na ambaye ningependa kumtazama usoni nimwambie ahsante. Kwa Mzee na kikohozi chake. Kwa Gucha. Hata kwa Okemwa, aliyeiongoza kwaya leo macho mekundu na hakukosea noti hata moja. Nilimshika mkono baada ya ibada. Aliniachia mkono ushikwe. Akasema jiwe lile la kusugulia bado analo, kama nitalihitaji. Nadhani ulikuwa utani.

Jumapili, 22 Agosti

Tumevunja kambi. Bathsheba alinisaidia kung'oa vigingi, mbele ya watu wote, na hakuna aliyesema neno. Nilianza kumweleza jinsi kipimo cha sita kilivyotuokoa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwaka mzima tumemngoja baba aseme, kumbe alihitaji baridi tu." Akasema pia kwamba usiku wa Alhamisi alimlilia mamake, akamwambia akiolewa na Okemwa atakufa, na kwamba mamake alimwambia alale, atatafuta la kusema. Hilo sikulijua. Nimeliandika hapa ili lihifadhiwe, ingawa kwa mahesabu yangu kipimo cha sita bado ndicho cha kwanza.

Mchungaji alinishukuru mbele ya mkutano. Akatangaza kwamba kiwanja cha mwaka ujao kitatafutwa na mtu mwingine. Nadhani anataka nipumzike.

Jumatatu, 23 Agosti

Siku njema kupita zote. Baba yangu amefurahi, ameniambia nichague mahali popote katika shamba letu nijenge nyumba ya kumletea Bathsheba. Nilitoka na futi, mnyororo na daftari kabla ya chai.

Sehemu tatu. Karibu na barabara: 31. Chini penye chemchemi: 37. Juu ya mgongo wa kilima, ng'ambo ya Gucha, unaotazamana na kwa Mzee Zachariah: 35. Nikasikitika. Nikakaa chini nikafikiri. Nikaona nimesahau kipimo cha mandhari.

Ukisimama pale juu, mlango ukielekea mashariki, boma lote la baba mkwe liko mbele yako kama kwenye ramani. Migomba, zizi, nyumba, mpaka ule uzio wa mabua nyuma ya nyumba ambapo Mzee huoga akirudi shambani, na uzio hauna paa. Mandhari: 10. Jumla 45.

Nimekwisha kupiga vigingi. Dirisha kubwa litakuwa upande huo huo, ili kila jioni nimpungie Mzee mkono. Sitamwambia mtu. Nataka nimshangaze.